Miaka Thelathini na Tisa Chini ya Magari: Nerida Tranter Anastaafu

Ijumaa tarehe 28 Juni 2024, saa tisa alasiri, Nerida Tranter, Fundi Mkuu wa karakana ya Halmashauri ya Tarrabine, atakabidhi funguo baada ya utumishi wa miaka thelathini na tisa na miezi minne. Katika muda huo ameichagulia halmashauri magari hamsini na mawili. Moja tu lilimwaibisha, nami nitalieleza humu, kwa sababu mwenyewe ameniambia nisipolieleza hatakuja kwenye sherehe.

Mhariri wa jarida letu ameniomba mimi niandike kwa kuwa nilifanya kazi na Nerida miaka ishirini. Nilikuwa mpishi wa jiko la karakana tangu 1979 hadi 2005. Vilevile ni mama yake mzazi. Mhariri amenisihi niandike kama mfanyakazi mwenzake, nisiandike kama mama. Shule niliiachia darasa la nane, lakini agizo nimelielewa. Nitasema yale tu ambayo hata mtu asiyemzaa angeyasema, na yakiwa mazuri mengi, kosa si langu.

Aliajiriwa Februari 1985, akiwa na miaka ishirini na moja, mwanamke wa kwanza kuvaa ovaroli ya karakana hii. Fundi mkuu wa wakati ule, marehemu Col Brandreth, alimpa ufagio. Nerida akafagia wiki mbili bila neno. Wiki ya tatu greda likagoma kuwaka. Mafundi watatu walilizunguka asubuhi nzima, wakafungua hiki, wakafunga kile, mpaka chai yao ikapoa na mimi nikaimwaga. Nerida alikuwa akipita na ufagio wake. Akasema, bila kuinua kichwa, "Linavuta hewa kwenye kile kiungo cha bomba la dizeli."

Col akamuuliza, "Umejuaje wewe?"

"Nafagia hapa chini kila siku, mzee. Kila siku pana tone moja la mafuta, mahali palepale."

Kiungo kikakazwa, greda likawaka. Ufagio akapewa mtu mwingine.

Mimi sikushangaa. Akiwa na miaka tisa aliifungua mashine yangu ya kusagia nyama, akaipanga yote mezani kwenye gazeti, akairudishia, ikabaki skrubu moja. Mashine ile inasaga mpaka leo. Skrubu ninayo kwenye droo, na hakuna fundi aliyewahi kuniambia ilikuwa ya nini.

Mwaka 1991 mto ulipofurika, aliliendesha lile greda siku kumi na saba kwa mkanda wa injini alioutengeneza kwa ngozi ya hatamu za farasi, mpaka spea zilipofika. Amefundisha mafundi kumi na mmoja, na tisa kati yao bado wako kazini. Hajawahi kuchukua likizo ya zaidi ya siku nne. Hayo yako kwenye faili lake na yeyote anaweza kuyasoma. Mimi nataka kueleza lisilo kwenye faili, yaani jinsi anavyochagua gari.

Hapa kwetu muuzaji wa magari husafiri siku mbili kutoka pwani, gari limeng'arishwa hadi unaona ndevu zako mlangoni, na huja na soseji. Hata kabla ya kutoa funguo huwasha moto, akachoma soseji, mji mzima ukala bure. Wazee wa Tarrabine wana msemo: soseji ikiwa nzuri sana, chungulia chini ya gari. Msemo huo watu huusema huku wakitafuna, kisha hawachungulii.

Mwaka 1998 Nerida naye hakuchungulia. Ndilo gari la kwanza alilopewa alichague peke yake, la sista wa zahanati, yule anayezunguka kwenye maranchi kuchanja watoto na kufunga vidonda. Alichagua lenye injini kubwa kuliko zote. Lilivuka mchanga kama linavuka lami. Kila mtu alilisifu, nami nililisifu kuliko wote, maana lilichaguliwa na binti yangu.

Mwezi Septemba, majani ya spinifeksi yalipokuwa yamekauka na kuzaa mbegu, Sista Gwenyth Oakes alikwenda nalo ranchi ya Yallamere. Anayeishi huku anayajua majani hayo. Yana miiba, yana utomvu, na yakipata moto huwaka kama yamemwagiwa mafuta ya taa. Gari likipita kati yake, majani na mbegu hujipakia tumboni, juu ya ekzosi, kidogokidogo, na ekzosi ina moto. Gari lile lilikuwa na ekzosi iliyolala katikati ya mfuniko wa bati, na majani yalijaa humo kama pamba ndani ya mto. Sista alisikia harufu, akasimama, akatoka na kopo la maji na sanduku la chanjo. Gari likawaka pamoja na redio yake.

Ilikuwa desturi sista apige redio saa sita mchana. Hakupiga. Saa sita na dakika tano Nerida alikuwa njiani. Alimkuta saa kumi jioni, amekaa juu ya sanduku la chanjo katikati ya ardhi iliyokwisha kuungua, kwa sababu alikuwa na akili na alijua moto haurudi ulikokwisha kula. Uso wote mweusi, nyusi hana.

Sista Gwenyth akamwambia, "Nerida, gari lako lina nguvu kweli. Limepanda mbinguni lenyewe, halikuhitaji dereva."

Nerida hakucheka. Alimrudisha mjini, akaja jikoni kwangu, akakaa mbele ya sahani ya nyama ya kondoo mpaka mafuta yakaganda.

Nikamwambia, "Mwanangu, limeungua gari. Mtu hakuungua."

"Mama," akasema, "nililitazama juu, sikulitazama chini."

Tangu siku hiyo hajanunua gari kabla ya kulala chini yake saa nzima. Hubeba gunia la kulalia na waya mgumu uliokunjwa ncha kama ndoana. Muuzaji akieleza jinsi gari linavyokwenda, yeye huuliza jinsi linavyokwama. Akitajiwa kiti cha ngozi, huuliza fyuzi ya taa iko wapi. Wauzaji wawili wamewahi kuondoka na soseji zao mbichi.

Sasa nije kwenye gari la mwisho, la hamsini na mbili, ambalo lilikuwa tena la sista.

Lile alilokuwa akilitumia sista lilikuwa limezunguka miaka kumi na minne na lilikuwa limechoka. Halmashauri ikapata uwezo wa kununua moja jipya, na kwa hesabu ya kawaida yetu hilo ndilo litakalobaki miaka mingine kumi na minne. Mwezi Mei yakaletwa matatu. La kwanza jeupe, zuri, lenye skrini kubwa kama ya televisheni yangu. La pili la kijivu, refu, limebeba tairi la akiba juu ya paa. La tatu lilikuwa na rangi ya mchanga, na madirisha yake hufunguliwa kwa kuzungusha mkono kama zamani. Hili la tatu hata muuzaji wake aliliegesha nyuma ya mengine.

Mwenyekiti wetu, Des Purtell, alilipenda jeupe. Des ni mtu mwema. Alikula jikoni kwangu miaka kumi na mmoja alipokuwa dereva wa lori, kwa hiyo ninamwandika bila hofu. Alikwisha kuwatangazia watu kwenye baa kwamba zahanati inapata jeupe, na kura ya madiwani ilikuwa Alhamisi.

"Nerida, dada yangu," akamwambia, "lina kamera saba! Linajiegesha lenyewe!"

"Tarrabine nzima ina magari arobaini, Des. Linajiegesha kati ya nini na nini?"

"Wewe hupendi vitu vipya, basi."

"Napenda. Nimelala chini yake jana. Sijapenda nilichokiona."

Des akapunguza sauti, maana tulikuwa wengi pale. "Unastaafu baada ya wiki sita. Mwachie anayekuja aamue. Kwa nini uondoke kwa ugomvi?"

Nerida akafuta mikono kwa kitambaa. "Kwa sababu hiyohiyo. Lile la Gwenyth lilipoungua nilikuwepo wa kumfuata. Hili likiungua, sitakuwepo."

Nerida akaomba siku moja tu, Jumatano, magari yote matatu yaende njia ya Yallamere, na mwenyekiti mwenyewe aliendeshe jeupe. Des akakubali haraka. Nadhani alitaka tu kuzigusa zile kamera.

Mimi nilikuwepo. Nina miaka themanini na miwili na si mwajiriwa tena, lakini watu sita wakienda porini kutwa lazima mmoja abebe chakula. Nilikaa kwenye lori la maji, karibu na Nerida, na chupa tatu za chai na mikate yenye nyama.

Kwanza akamwita Sista Marivic Dumlao, sista wetu wa sasa, aliyetoka Ufilipino miaka sita iliyopita na sasa anaijua kila njia ya ng'ombe. Sista Marivic ni mfupi kuliko mimi, na mimi sifiki rafu ya juu ya kabati langu. Nerida akamwambia abadili tairi la kila gari, peke yake, mtu asimsaidie.

Akaanza na la kijivu. Akapanda paani, akalegeza tairi, akaliinua nusu, akalirudisha, akatutazama kutoka juu.

"Naweza kushuka nalo," akasema, "ila litafika chini kabla yangu, halafu mimi juu yake."

Des akasema, "Mwanaume angeliteremsha."

"Basi mtafutie Sista mwanaume," Nerida akajibu, "awe anazunguka naye kwenye maranchi."

Sista Marivic akapiga kelele kutoka paani, "Awe anajua kupika!" Tulicheka wote, hata muuzaji wa la kijivu, lakini gari lake lilikuwa limekwisha kushindwa.

La mchanga lilibeba tairi mlangoni nyuma. Sista akalibadili kwa dakika ishirini na tano. Jeupe lilimchukua arobaini, lakini akaweza. Des akapiga makofi. Alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikibishana naye. Mimi nilimpa mkate.

Kisha tukaingia kwenye majani. Mwaka huu mvua ilikuwa nyingi, na spinifeksi imesimama mpaka kwenye vioo vya pembeni. Jeupe lilitangulia na Des, la mchanga likafuata na Sista Marivic, na sisi nyuma na maji. Kilomita ishirini na mbili. Njia nzima nilimwona Nerida anatazama moshi wa ekzosi ya Des kama mtu anayetazama sufuria ya maziwa.

Tulisimama kwenye kisima cha pampu ya upepo, mahali ambapo ng'ombe wamekanyaga mpaka hakuna jani hata moja. Alipachagua makusudi. Akatandika gunia lake chini ya la mchanga, akampa Sista Marivic waya wenye ndoana. Tumbo la gari lilijaa majani, maana majani hayabagui. Sista akalala, akaingiza mkono, akavuta mara nne, rundo zima likatoka. Akainuka, akajikung'uta nywele, akaomba chai.

"Sasa wewe, Des," Nerida akasema.

Des akalala chini ya jeupe. Tumboni kuna sahani kubwa ya plastiki ngumu, imefungwa kwa bolti kumi na nne ili upepo upite vizuri kwenye barabara kuu. Tulimsikia anahema.

"Nayaona," akasema.

"Yatoe."

"Siyafikii."

"Mkono wako na wa Sista, upi mrefu?"

Miguu yake tu ndiyo iliyokuwa nje, na viatu vyake vya mkutanoni.

Aliyesikia harufu kwanza ni mimi. Wengine wanaweza kusema vingine, lakini mtu aliyepika miaka ishirini na sita anajua kitu kinachoungua kabla hakijaungua. Nikasema, "Nerida!" naye alikwisha kushika mpira wa maji. Sista Marivic na muuzaji wa jeupe wakamshika Des miguu, mmoja huku na mmoja huku, wakamvuta kama gunia la viazi. Moshi ukatoka pembeni mwa ile sahani, kisha ulimi mdogo wa moto, wa rangi ya chungwa, hauzidi kiganja. Nerida akaupiga maji kwa dakika tatu. Ukazimika. Gari lilipona, na muuzaji akalirudisha pwani lilikotoka, ambako hakuna spinifeksi na naamini litamfaa mtu.

Des alikaa kwenye tope, amelowa mpaka kola.

"Kamera saba," akasema, "na hakuna hata moja iliyokuwa inatazama chini."

Nerida akampa mkono akamwinua. "Hata mimi mwaka tisini na nane nilikuwa na macho mawili, Des. Yote juu."

Alhamisi Des mwenyewe ndiye aliyetoa hoja ya kununua la rangi ya mchanga, na madiwani wote saba waliinua mikono. Aliomba pia liandikwe neno moja la Nerida katika utaratibu wetu wa ununuzi. Limeandikwa kifungu cha saba, na nimekwenda ofisini kulisoma kwa macho yangu: "Gari la halmashauri litachaguliwa kwa mkono mfupi kuliko yote itakayolihudumia." Wanasheria wa pwani waliuliza maana yake. Waliambiwa waje Septemba.

Sista Marivic ameshazunguka nalo mara tatu. Kila akirudi huacha kwenye meza ya Nerida fungu la spinifeksi alilolitoa tumboni mwa gari kwa waya, limefungwa bendeji kama shada la maua. Mafungu hayo matatu yako pale dirishani, na mtu asithubutu kuyatupa.

Wiki iliyopita nilimpigia simu Sista Gwenyth Oakes. Ana miaka sabini na tisa sasa, anaishi pwani kwa mwanawe, na nyusi zilirudi zamani. Nikamsimulia yote, la kijivu, jeupe, viatu vya Des. Akacheka mpaka mwanawe akaja kuona kuna nini. Kisha akasema, "Dulcie, mwambie Nerida ule mzaha wangu wa mbinguni bado unangoja. Sasa anaweza kuucheka."

Nikampelekea ujumbe karakana. Alikuwa chini ya lori la taka. Nilimwambia akiwa hukohuko, kwa maana ukingoja Nerida atoke chini ya gari utazeeka. Halafu nikasikia spana imeangushwa, na kicheko kikatoka kule chini, kikubwa, cha miaka ishirini na sita. Mafundi wakaacha kazi. Nami niliyeagizwa nisiwe mama nikatafuta kitambaa.

Sasa anastaafu, na kwa mara ya kwanza amejinunulia gari la kwake la kwendea mbali, mpaka Ghuba akaone bahari, kisha popote. Alileta matatu uani kwangu, yote yaliyokwisha kutumika. Nilidhani amekuja kuniuliza rangi. Akafungua mlango wa abiria wa la kwanza, akaniambia nipande.

"Nipande niende wapi? Nina miaka themanini na miwili."

"Panda tu, Mama. Mkono mfupi ni wewe."

La kwanza nilishindwa kufikia mkanda. La pili ngazi ilikuwa juu mno, nikabaki nusu ndani nusu nje kama mbuzi aliyenasa kwenye uzio. La tatu nilipanda bila kushikwa, nikavuta mkanda, nikafunga, nikazungusha dirisha kwa mkono wangu. Yeye alikwisha kulala kwenye gunia lake, na nilikaa pale juu saa nzima nikisikia waya wake unakwaruza chini ya kiti changu.

Kwa niaba ya karakana, zahanati, maranchi yote kuanzia mjini hadi Yallamere, na jiko lililofungwa mwaka 2005, tunamshukuru Nerida Tranter kwa miaka thelathini na tisa aliyoitumia kutazama pale ambapo sisi wengine hatukutaka kuinama. Sherehe ni saa kumi jioni hapo karakana. Nyama napika mimi, na atakayekuja na soseji atarudi nazo. Nenda kwa heri, Nerida, siku zako ziwe nyepesi na maisha yakutendee mema kama ulivyotutendea.

Wanaotaka kuomba lifti mpaka Ghuba wasijisumbue. Kiti cha kushoto kina mtu.

Dulcie Tranter
Mpishi mstaafu, Karakana ya Tarrabine